Sura ya Kale katika Filamu Fupi ya Fedha Kidogo

Vijana wetu wanaotengeneza filamu fupi katika vyama vya Kiswahili, shuleni na vyuoni, wana jambo moja wanalolipenda kupita mengine: kuifanya picha ionekane ya zamani. Hadithi ikihusu enzi za mababu, picha hutiwa umanjano, hutiwa mikwaruzo na vumbi, watu wakaenda mbiombio, na nyuma yao piano ikagongwa. Yote hayo hufanywa na programu ya simu kwa kubonyeza mahali pamoja. Katika makala haya nakusudia kueleza sura hiyo ilitoka wapi, yaani ni mambo gani ya mashine, ya mkono na ya mfuko yaliyoizaa, na jinsi watu wenye fedha kidogo walivyoipata kwa njia iliyo bora kuliko kubonyeza. Maneno haya yanatuhusu walimu wa lugha, kwani aghalabu ni sisi tunaokabidhiwa usimamizi wa maigizo, na pia kwa sababu nusu ya ukale wa filamu, kama nitakavyoonyesha, imo katika sauti na usemi.

Yafaa kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa sana: sura iliyokuwamo katika filamu siku ilipoonyeshwa mara ya kwanza, na sura iliyoingia baadaye kwa uchakavu. Watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, wakaketi kutazama sinema ya ndugu Auguste na Louis Lumière, hawakuona mikwaruzo wala umanjano. Waliona picha safi yenye ukali wa kutosha, maana utepe wa milimita 35 ulikuwa mpya. Mikwaruzo ililetwa na mashine zilizoupitisha utepe mara mamia, na vumbi lililetwa na stoo. Msichana anayetaka kuigiza ujana wa bibi yake hajichori mikunjo usoni. Walakini hivyo ndivyo tufanyavyo tunapodhani kwamba ukale wa filamu ni uchakavu wake.

Hali kadhalika mwendo. Kamera ya akina Lumière ilikuwa sanduku la mbao lenye mkono wa kuzungusha, nalo lilifanya kazi tatu: kupiga picha, kuzichapa katika utepe mwingine, na kuzionyesha. Mzunguko mmoja wa mkono ulipitisha picha 8. Mpiga picha alizungusha mara mbili kwa sekunde, zikawa picha 16. Utepe wenyewe ulikuwa wa meta 17 hivi, kwa hiyo filamu nzima haikufika dakika moja. Kwa miaka thelathini iliyofuata mwendo haukuwa na kanuni ya kudumu. Huyu alizungusha polepole, yule kwa haraka, na wachekeshaji walizungusha polepole kwa makusudi ili vituko vyao viende kasi vikionyeshwa. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo picha 24 kwa sekunde zikawa kanuni, maana sikio halivumilii mkono unaochoka. Filamu ya picha 16 ikipitishwa katika mashine ya picha 24, tendo la nusu saa huisha kwa dakika 20, na watu huonekana kama siafu waliomwagiwa majivu ya moto. Basi kwa sehemu kubwa mbio zile si za wazee, ni za mashine za wajukuu wao.

Jambo lenye uzito zaidi kwetu ni jicho la filamu yenyewe, yaani namna utepe ulivyoziona rangi. Utepe uliotumika zaidi mpaka katikati ya miaka ya 1920 ulikuwa wa aina iitwayo othokromatiki. Uliona buluu na kijani, lakini nyekundu haukuiona. Ndiyo maana mafundi waliweza kuusafisha katika chumba chenye taa nyekundu bila kuuharibu. Anga la buluu lilitoka jeupe kama karatasi, na mawingu yakapotelea humo. Midomo myekundu ilitoka myeusi. Waigizaji wa Ulaya na Marekani walipakwa poda nzito usoni kwa sababu hiyo, maana wekundu wa mashavu yao ulitoka kama madoa. Hapa ndipo asili ya zile nyuso nyeupe zenye macho yaliyozungushiwa weusi, ambazo twaziona katika filamu bubu na kudhani kwamba ni desturi tu ya mapambo.

Mwalimu mwenye wanafunzi wa kwetu afikiri hapo. Ngozi zetu zina wekundu mwingi ndani ya weusi wake, na utepe usioiona nyekundu uliziweka gizani, uso ukawa doa moja lisilo na pua wala mashavu. Mmarekani Robert Flaherty, alipokuwa Samoa akipiga filamu yake Moana iliyotoka mwaka 1926, aliutumia utepe wa pankromatiki unaoziona rangi zote, na akaona jinsi ngozi za watu wa visiwa vile zilivyotoka zikiwa hai. Leo mtu aweza kuipata sura ya othokromatiki bila gharama: hupiga kwa rangi, kisha katika uhariri huiondoa sehemu ya nyekundu na kuibakiza kijani na buluu, ndipo akaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Lakini afanyapo hivyo ajue kwamba kanga nyekundu yenye maua meupe itatoka nyeusi tititi, na kwamba nyuso za waigizaji wake zahitaji mwanga mara mbili. Shuka jeupe lililotandazwa juani, upande wa pili wa mwigizaji, laweza kuurudisha mwanga usoni kuliko taa ya kununua.

Ufundi wa wenye mfuko mwembamba hauna mfano mzuri kama filamu ya Mjerumani F. W. Murnau iitwayo Nosferatu, ya mwaka 1922. Si filamu fupi, lakini kampuni iliyoitoa ilikuwa ndogo na ikafilisika upesi, na mpiga picha Fritz Arno Wagner alikuwa na kamera moja tu. Badala ya kujenga miji ndani ya studio, kama wenzao matajiri walivyofanya, walikwenda Wismar na Lübeck, na katika milima ya Slovakia, wakayapiga majumba yaliyokuwapo. Usiku waliupiga mchana, kisha sehemu hizo za utepe zikachovywa katika rangi ya buluu, na watazamaji wakaelewa kwamba ni usiku. Walipotaka msitu uwe wa kuzimu, waliuonyesha katika picha iliyogeuzwa, miti ikawa meupe na anga ikawa nyeusi. Gari la farasi lililokwenda kwa mitukutiko ya kutisha lilipigwa picha moja moja. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichohitaji fedha; vilihitaji mtu anayejua utepe wake unaona nini. (Mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula, alishtaki kwamba hadithi ilichukuliwa bila ruhusa, na mwaka 1925 mahakama iliamuru nakala zote ziteketezwe. Filamu iliokoka kwa sababu baadhi ya nakala zilikuwa zimekwisha kutawanyika.)

Kutoka Ujerumani nirudi kwetu, maana Afrika ya Mashariki nayo ina historia yake ya filamu fupi za fedha kidogo. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ilianzishwa kazi iliyoitwa kwa Kiingereza Bantu Educational Kinema Experiment. Fedha zilitoka hasa katika Shirika la Carnegie la New York. Wasimamizi walikuwa Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Kwa muda wa miaka miwili walitengeneza filamu 35, fupi karibu zote, juu ya minyoo ya safura, mmomonyoko wa udongo, kahawa, kodi, na akiba ya posta. Hiyo ya posta ilikuwa hadithi ya watu wawili, mmoja anaweka fedha zake posta, mwenzake anazificha nyumbani zikaibwa. Waigizaji walikuwa wenyeji, hawakuwa na mafunzo yoyote ya kuigiza.

Ufukara wa Vugiri ndio uliozipa filamu zile sura yake. Walitumia utepe wa milimita 16, ambao Kodak iliutoa mwaka 1923 kwa ajili ya watu wa nyumbani, kwa sababu ulikuwa rahisi na pia kwa sababu ulitengenezwa kwa asetati, haukuripuka kama ule wa nitrati ambao ukishika moto huendelea kuwaka hata ndani ya maji. Picha ndogo ikikuzwa kwenye turubai, punje zake huonekana zikichemka kama uji. Huo ndio ule uchengachenga ambao programu za leo huuiga. Utepe waliusafisha palepale mlimani. Sauti nayo haikuwamo katika utepe, bali ilirekodiwa katika sahani za santuri na kupigwa sambamba na picha, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa, ili filamu ile ile iweze kusemeshwa upya kila ilipokwenda. Gari la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1937 fedha zilikwisha, serikali za makoloni hazikutaka kuendelea kugharimia, na kazi ikafungwa. Notcutt na Latham waliandika kitabu juu yake mwaka huo huo. Katika filamu zote 35, zilizosalia zijulikanazo ni tatu tu.

Hapa sina budi kuingiza neno ambalo, nionavyo mimi, ndilo kiini cha jambo lote. Mtu akizitazama filamu za serikali za wakati wa ukoloni ataona kwamba kamera haisogei, kila tendo linaonyeshwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mkato kutoka picha hadi picha ni wa polepole mno. Atasema: hiyo ndiyo sura ya kale. Lakini sehemu ya upole huo haikutoka katika mashine. Ilitoka katika imani ya watawala kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha za haraka. William Sellers, aliyeanza na filamu za afya Nigeria na kisha akawa mkuu wa kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939, aliifanya imani hiyo kuwa kanuni: pasiwe na hila za kamera, pasiwe na kuruka kutoka mahali hadi mahali, kitu kionyeshwe chote na kwa muda mrefu. Kisa kilisimuliwa kutoka koloni hadi koloni cha wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa, wakasema mbu wa kwao ni wadogo, kwa hiyo hawana la kuhofia. Kila msimulizi alikiweka kisa hicho mahali pake na akakibadili mdudu wake. Yamkini kama kweli walisema hivyo, waliokuwa wakichezewa shere ni wasimulizi.

Basi kijana wa leo anayeiga filamu hizo ajue anaiga vitu viwili kwa pamoja: uwezo mdogo wa kamera, na dharau ya mwenye kamera. Cha kwanza kina uzuri wake. Cha pili hakina sababu ya kurithiwa bila kujua.

Ousmane Sembène wa Senegal aliupata uzuri huo wa kwanza peke yake. Alikuwa mwandishi wa riwaya aliyeona kwamba vitabu vyake haviwafikii wasiojua kusoma. Akaenda Moscow mwaka 1962 kujifunza sinema, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu ya dakika zipatazo 20 juu ya siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Ni nyeusi na nyeupe, imepigwa barabarani, na sauti iliwekwa baadaye. Kwa kuwa midomo na maneno havikupigwa pamoja, sauti ya mwendesha mkokoteni yasikika kama mawazo yake yakisema ndani ya kichwa chake, ilhali mji unapita mbele ya macho yetu. Upungufu wa vifaa umezaa usimulizi. Sembène hakutafuta sura ya kale hata kidogo. Alikuwa akipiga Dakar ya siku zile. Hata hivyo leo filamu yake ina ukale ambao hakuna programu inayoweza kuutia.

Wapo pia walioutafuta kwa makusudi. Guy Maddin wa Winnipeg, Kanada, alitengeneza mwaka 2000 The Heart of the World, filamu ya dakika 6, kwa ajili ya miaka 25 ya tamasha la filamu la Toronto. Aliiga sinema ya Urusi ya miaka ya 1920, akaweka mamia ya mikato katika dakika hizo chache. Na mtazamaji aliyezoea kudhani kwamba ukale ni upole hupigwa na bumbuazi. Mwaka 2005 wapenzi wa hadithi za H. P. Lovecraft walitoa The Call of Cthulhu, filamu bubu ya dakika 47 iliyoongozwa na Andrew Leman. Walijiuliza: hadithi hii, iliyochapishwa 1928, ingalifanywa filamu wakati ule ule, ingalionekanaje? Walipiga kwa kamera ya video, lakini kazi kubwa ilifanyika kabla ya kamera kuwashwa: bahari ilikuwa kitambaa, lile jitu la baharini lilikuwa kinyago kidogo kilichosogezwa na kupigwa picha moja moja, na waigizaji walijifunza kusema kwa mikono na macho. Hata matajiri walifuata njia hiyo. The Artist ya Michel Hazanavicius (2011), iliyotunukiwa Oscar, ilipigwa kwa rangi na kugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe, kwa mwendo wa picha 22 kwa sekunde ili ikionyeshwa kwa 24 watu wawe wepesi kidogo tu, na kwa fremu inayokaribia mraba, upana wa 4 kwa kimo cha 3, kama ilivyokuwa kawaida ya zamani.

Kwa chama cha shule chenye simu moja, hilo la fremu ndilo la kuanza nalo, maana halina gharama na hubadili mpangilio mzima: watu wawili hulazimika kusimama karibu, na uso wa mtu hujaza picha. Simu ifungwe juu ya kitu imara, isitembee. Isivute picha karibu kwa vidole, kwa kuwa lenzi za kuvuta hazikuwa za kawaida kabla ya miaka ya 1950. Anayetaka kuona karibu aende karibu. Mwanga wa dirisha moja watosha chumba. Kisha mwongozaji atazame nyuma ya waigizaji kabla ya kuwatazama wenyewe: dumu la manjano la plastiki, nguzo ya simu juu ya kilima, na bati la rangi vitaisaliti filamu ya mwaka 1935 upesi kuliko kukosa mikwaruzo.

Na usemi je? Nimeona filamu ya wanafunzi yenye mavazi ya vita vya pili vya dunia, kofia na patisi zote barabara, halafu askari akasema kwamba anakabiliwa na changamoto. Neno hilo, kwa maana tuliyoizoea, limeenea katika miongo ya karibuni. Kumwita mtu Ndugu kwa heshima ya kisiasa kwahusu Tanzania ya miaka ya Azimio la Arusha, 1967, si liwali wa 1920. Tahajia nayo yahitaji uangalifu katika filamu bubu, ambako maneno huandikwa kati ya picha na picha. Kiswahili sanifu kilichaguliwa juu ya msingi wa lahaja ya Unguja mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Kabla ya hapo kila misheni iliandika kwa namna yake, na pwani wengi waliandika kwa hati ya Kiarabu. Darasa linaloandaa maandishi ya namna hiyo litajifunza historia ya lugha kwa siku mbili kuliko kwa muhula mzima wa kuandikiwa ubaoni.

Limebaki jambo la uaminifu. Filamu za kweli za nchi zetu za wakati ule ni chache mno, na nimekwisha taja zilizosalia katika zile za Vugiri. Igizo lililofanywa vizuri, likitengwa na jina lake na kupelekwa kutoka simu hadi simu, baada ya muda mfupi huonyeshwa darasani kama ushahidi. Mwongozaji aandike mwaka wa kutengenezwa na majina ya waigizaji ndani ya picha yenyewe, mwanzoni na mwishoni, si katika kifuniko.

Nao wenye tepe za kale za kweli, katika shule, misheni au nyumba za wazee, wazinuse. Utepe wa asetati unapoanza kuoza hutoa harufu ya siki, kisha hunywea na kujikunja, na picha ikapepesuka kwenye mashine. Mpepesuko huo nao umeingizwa katika programu za simu kama pambo. Utepe ulio hivyo usipitishwe tena katika mashine ya kuonyeshea. Utengwe na wenzake, uwekwe mahali pakavu na penye ubaridi, na atafutwe mtu wa nyaraka za taifa aunakili kabla haujawa unga.